Seva ya gemu: angalia njia kabla ya Mbps
Unauliza uchukue laini ya Gbps 1 au 10 kwa seva ya wachezaji 64. Gbps 1 inatosha na kubaki: hata kila mchezaji akivuta kbps 200, jumla ni Mbps 13 hivi. Kinachoua gemu ni pakiti (vipande vya data) kupotea na ping, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, kuyumba.

Mwombe mtoa huduma wa seva IP ya majaribio, kisha wachezaji walio kwenye mitandao tofauti waendeshe mtr -rwc 500 kuelekea IP hiyo (mtr ni programu inayoonyesha upotevu na ping kwa kila ruta njiani; 500 ni idadi ya majaribio) saa za usiku, wakati laini zimejaa. Rudia kutoka upande wa seva pia, maana pakiti mara nyingi hurudi kwa njia nyingine. Ukiona upotevu kwenye ruta ya katikati lakini mstari wa mwisho unasoma 0%, usihangaike. Ruta hiyo inabana majibu yake tu, trafiki yako inapita. Upotevu ukianzia katikati ukaendelea hadi mwisho, achana na huyo mtoa huduma.

Halafu muulize, tena akujibu kwa maandishi: nikishambuliwa kwa DDoS (mafuriko ya trafiki kutoka mashine nyingi), mnachuja UDP (aina ya trafiki ambayo gemu nyingi hutumia) au mnaizima IP yangu? Akiizima, aliyekushambulia amepata alichotaka.