Mjukuu wangu anamsubiri mama yake aliyefariki

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni bibi, nipo Tanga. Binti yangu alifariki miezi mitatu iliyopita akaniachia mjukuu wa kiume wa miaka sita. Siku ya msiba tulimpeleka kwa jirani asilione jeneza, kisha tukamwambia mama amekwenda Omani kufanya kazi. Aliamini, kwa sababu mama yake mdogo yuko huko kweli. Sasa simu ikilia tu anaikimbilia. Juzi wenzake wa chuo cha Qur'ani wamemwambia mama yake yuko kaburini, na ustadhi alikuwa amewasomea habari za adhabu ya kaburi. Tangu siku hiyo anakojoa kitandani. Nimwambie nini? Na je, inafaa kumwachia khanga ya marehemu? Hapati usingizi bila hiyo.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Allah amrehemu binti yako, na akupe subira wewe uliyemzika mwanao na bado unaamka alfajiri kumtayarisha mwanawe.

Naanza na ile safari ya Omani, maana ndiyo iliyozaa mengine. Mlikusudia huruma, na nia yenu Allah anaijua. Lakini mtoto naye ana haki ya kuambiwa kweli. Abdullah bin Amir anasimulia kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimwita, "Njoo nikupe kitu." Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa nyumbani kwao, akamuuliza mama, "Ulitaka kumpa nini?" Akajibu, tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Ameipokea Abu Daud. Ikiwa hivyo kwa tende, sembuse mama? Msafiri hupiga simu, hutuma nguo za sikukuu, hurudi. Mama asiyepiga simu miezi mitatu, mtoto atasema moyoni: hanitaki. Mlimficha kifo, akapata uchungu wa kutupwa.

Basi mkalishe leo, wewe mwenyewe, pahala alipozoea. Tumia neno lenyewe: mama amekufa. Sisi watu wa pwani tuna adabu zetu, tunasema ametutoka, hatunaye. Mtoto wa miaka sita ukimwambia "ametutoka" atakuuliza katokea mlango gani. Na wanaosema "amelala" huwafanya watoto waogope kufumba macho. Mwambie mama aliugua, mwili ukashindwa. Hapumui, hali, hawezi kupiga simu. Tulimwosha, tukamvisha sanda, tukamswalia, tukamzika. Harudi nyumbani, ila sisi tutamfuata, na tunamwomba Allah atukutanishe naye Peponi. Kisha muombe radhi: "Bibi alikudanganya kwa sababu aliogopa kukuona unalia." Kesho atauliza tena swali lile lile, nawe mjibu vile vile. Akikukatisha akaenda kucheza mpira, usidhani hana uchungu.

Akilia, mwache alie. Hili la "mwanamume halii" si dini. Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Katika Bukhari.

Adhabu ya kaburi ni haki na tunaiamini, lakini kila somo lina umri wake. Mtoto kalamu imeinuliwa kwake, yaani haandikiwi dhambi, mpaka abaleghe. Unamtisha kwa hesabu asiyodaiwa? Nenda ukazungumze na ustadhi kwa upole, huenda hajui kwamba mmoja wa wanafunzi wake ni yatima mpya. Mtoto mpe kazi badala ya hofu: mfundishe *Rabbir-hamhumaa kamaa rabbayaanii swaghiiraa*, yaani Mola wangu, warehemu wazazi wangu kama walivyonilea nikiwa mdogo, aiombe kila baada ya swala. Akitaka kwenda kaburini, mpelekeni mchana. Kitandani akilowesha, usimpige wala usimtangaze. Hali ikiendelea, au akiacha kula, mpeleke hospitali. Hilo haliondoi tawakkul, yaani kumtegemea Allah.

Liko jambo moja tunalisahau sana katika misiba yetu. Mwaka wa 8 Hijria Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, aliuawa katika vita vya Mu'ta, akaacha watoto wadogo. Mtume (s.a.w.) aliwapa watu wa nyumba hiyo siku tatu, kisha akaja akasema aitiwe watoto wa ndugu yake. Abdullah bin Jaafar anasema waliletwa kama vifaranga. Mtume akamwita kinyozi, wakanyolewa. Akamsifu kila mmoja kwa anayefanana naye, akaushika mkono wa Abdullah akamwombea dua. Kinyozi! Wakubwa walishughulika na msiba, na pengine nywele za watoto hakuna aliyeziangalia. Kwenye matanga yetu mtoto huambiwa aende akacheze, na hiyo ndiyo taazia yake. Wajomba wa mtoto huyu wako wapi? Mmoja ampeleke kwa kinyozi Ijumaa hii, wakitoka waende msikitini pamoja, na njiani amsimulie mama yake alivyokuwa mdogo.

Ama khanga, hiyo ni mali ya marehemu, inaingia katika mirathi, na mjukuu wako ni miongoni mwa warithi. Wewe na mume wa marehemu, na mrithi mwingine mkubwa akiwapo, mkiridhia, ni yake. Wala usiharakishe kuifua.

Wallaahu a'lam.