Shangazi, shule inasema binti yangu anapenda wasichana

Hujambo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Nakuru. Binti yangu wa kwanza yuko fom thrii boding, ana miaka 17. Juzi niliitwa shule, depyuti akaniambia amepatikana kitandani na mwenzake na ati wanapendana, akapewa barua akae nyumbani mpaka bodi ikutane. Tukiwa kwa matatu nikamuuliza kama ni uongo, akaniuliza, "Mama, na kama ni kweli?" Sikumjibu. Baba yake amemnyang'anya simu, mchungaji anataka tumpeleke kesha. Nimhamishe ama nifanye nini? Nampenda lakini naogopa.
Mama Msichana, Nakuru

Mama, pole sana. Unaniuliza mambo ya transfa na kesha lakini mtoto naye alishakuuliza swali lake na bado anangoja jibu. Msichana ametoka kusomewa makosa mbele ya walimu, amekaa kando yako gari imejaa watu, na bado anapata nguvu ya kukuuliza hivyo, huyo si kiburi anakuonyesha, anataka kujua kama bado ana kwao. Sasa anza na hapo kabla ya bodi na kabla ya mtu wa kanisa. Mwambie kwa maneno yako, "Siku ile nilinyamaza kwa sababu niliogopa, lakini iwe ni kweli ama si kweli wewe ni mtoto wangu na hakuna mtu atakutoa kwa hii nyumba." Halafu basi. Usimuulize ni nani, walianza lini, walifanya nini. Akitaka atakuambia, hata kama ni mwaka ujao, na pengine mwenyewe bado hajajijua vizuri, kwa hivyo usimpe jina ambalo hajajipa.

Kuhusu hiyo ya kupatikana kitandani, mimi nilisoma boding sehemu za baridi, na Julai tulikuwa tunalala wawili wawili ndio blanketi zitoshe, kama huo ndio ushahidi basi wamama wengi wa hii nchi tungefukuzwa shule! Lakini usiende kujitetea na hilo peke yake, maana ukisema ofisini "ilikuwa baridi tu" na binti yako anajua haikuwa baridi tu, atasikia kwamba mama anaweza kumtetea akiwa tu vile mama anataka.

Enda na hii badala yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inataka mwanafunzi na mzazi wake wasikilizwe kwanza kabla ya kufika kufukuza, na cha 36 kinakataza kumtesa mwanafunzi, iwe ni mwili ama akili. Kwa hivyo itisha makosa yake kwa maandishi, uliza kwa upole bodi inakutana lini na nyinyi mtaongea saa ngapi, uliza pia nani atahakikisha hachekwi domu akirudi. Na stetimenti, hiyo ya "andika kila kitu na utaje wenzako", asiandike. Walimu wakuu wengine wanaogopa tu, hasa tangu 2023 waziri wa elimu wa wakati ule Ezekiel Machogu aseme viongozi wa dini wataingia shuleni kwa sababu ya haya mambo, sasa kila mtu anataka aonekane amechukua hatua. Polisi najua pia wanakutia wasiwasi. Ni kweli kifungu cha 162 cha Penal Code, ile sheria ya makosa ya jinai, bado kipo, Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa Mei 2019, lakini kinaongea juu ya tendo, hakisemi msichana kupenda mwenzake ni kosa. Ndio maana nakazania hiyo karatasi asiiandike.

Kesha hapana. Wewe omba, hilo ni lako na Mungu wako, lakini kumweka mtoto katikati ya watu wamshike kichwa usiku mzima wakipiga kelele juu ya siri yake, kesho mtaa mzima unajua. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwa orodha ya magonjwa mwaka wa 1990, hakuna cha kuponywa hapo. Wala si boding imemfanya hivyo, na si wewe.

Baba yake ongea naye mkiwa wawili, usimwaibishe mbele ya watoto, lakini simu irudi. Saa hii mtoto anahitaji hata rafiki mmoja wa kumwambia "uko sawa?" Ukiona hali imekuwa mbaya, hatoki chumbani, anagawa vitu vyake, ama anasema afadhali asingekuwepo, kaa naye karibu usimwache peke yake, mpeleke hospitali, na namba 116 ya watoto ni ya bure.

Transfa mwachie yeye aseme kwanza. Akitaka kurudi, tafuta mwalimu mmoja hapo shule ambaye yeye mwenyewe anamwamini, si lazima awe wa gaidansi. Akisema hawezi, tafuta dei karibu na nyumbani mapema kwa sababu KCSE haiko mbali, na siku ya kuchukua living satifiketi isomeni hapo hapo dirishani, kama wameandika hayo maneno usiondoke nayo, waambie wakuandikie nyingine.