Maswali ya leza: acheni kununua wati

Leza ya wati ngapi ndiyo nzuri? (Wasomaji kadhaa, Kampala)

Nzuri ya kukatia nini? Swali hili likija tena bila kutaja kinachokatwa, sitalijibu.

Nina mashine ya kaboni dioksaidi ya wati 100. Akriliki inakata vizuri, lakini nikichonga mfereji mwembamba kwenye kioo, kinapasuka. Niongeze nguvu? (Mwenye karakana, Katwe)

Usiongeze, ndugu yangu, utapasua vioo vingi zaidi. Mwanga wa mashine yako una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kioo kinaumeza juu juu na kupata moto hapo hapo. Palipopata moto panatanuka, jirani yake bado baridi, ufa unaanza.

Halafu kuna huo wembamba unaoutaka. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba mwanga haulengeki kwenye nukta ndogo sana kuliko nusu ya wimbi lake. Hata upewe lenzi bora kuliko zote, utakwama kwenye mikromita 5 hivi. Lenzi za kawaida za mashine kama yako hutoa nukta ya mikromita mia na ushei, na unywele wa mtu ni 50 hadi 100.

Wanaochonga vitu vidogo kweli hawashindani kwa wati, wanafupisha muda. Gawa sekunde mara milioni bilioni: kipande kimoja ndiyo femtosekunde. Mpigo wa mwanga wa mamia machache ya femtosekunde unakwisha kabla joto halijasambaa, ndiyo maana kingo zinabaki safi. Wastani wa nguvu yake unaweza kuwa wati chache tu. Njia ya kuikuza mipigo hiyo bila kuiharibu leza yenyewe ilitolewa na Donna Strickland na Gérard Mourou mwaka 1985, wakapata Nobeli mwaka 2018.

Kwa hiyo muuzaji akikutajia wati peke yake, muulize urefu wa wimbi, muda wa mpigo na ukubwa wa nukta. Akibabaika, rudi nyumbani na pesa zako.

Leza inachongaje ndani ya kitu bila kugusa juu? (Mwanafunzi, Mbarara)

Swali la mtu aliyefikiri. Mwanga ambao kitu hakiumezi hupita tu. Lakini pale ulipolengwa, fotoni, yaani chembe za mwanga, husongamana kiasi kwamba mbili au zaidi humezwa kwa pamoja, na ni hapo tu kitu kinabadilika. Mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alilitabiri kwa hesabu mwaka 1931, karibu miaka 30 kabla Theodore Maiman hajawasha leza ya kwanza. Mwaka 2001 Satoshi Kawata na wenzake wa Osaka waligandisha resini, plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, kwa njia hii, nukta baada ya nukta, kisha wakaosha iliyobaki. Akabaki fahali wa sanamu mwenye urefu wa mikromita 10, ana pembe na miguu, karibu sawa na chembe nyekundu ya damu. Usiishie kwenye picha yake, mwanangu. Shika hesabu.

Naweza kukata reksini ya viti?

Hapana. Nyingi ni PVC, plastiki yenye klorini. Ikiungua hutoa hidrojeni kloridi, inayogeuka asidi ikikutana na unyevu. Inaanza na mapafu ya kijana uliyemweka pale, kisha inakula reli za mashine. Nimeshalijibu hili na bado mnakata.

Miwani ya jua inatosha kukinga macho na leza?

Haitoshi hata kidogo. Leza ya faiba ya kuchora chuma hutoa mwanga wa nanomita 1064, usioonekana. Jicho lenyewe linaukusanya kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, na retina haisikii maumivu. Nunua miwani iliyoandikwa urefu wa wimbi wa mashine yako, na watoto wasisimame kutazama.

Sisi tusio na leza ya femtosekunde tufanye nini? (Jinja)

Mengi. Kwa mashine ya kaboni dioksaidi, punguza nguvu, ongeza mwendo, uchonge kwenye akriliki mifereji ya mikromita 200 hivi. Itatoka na umbo la V. Funika kwa kipande cha pili, bana kwa joto, na una kibao cha kupitishia matone ya damu kwa vipimo. Vyuo vyetu vingeanzia hapa badala ya kungoja wafadhili. Umeme ukikatika na kurudi, hakikisha kwanza maji ya kupoza mashine yanatembea bila mapovu. Mrija wa leza ukikosa maji unapasuka.