Maswali Yenu: Chini ya miti mikubwa kuna nini?

Toleo lililopita tuliwaomba mtume maswali ya misitu, na meseji zimekuja nyingi kweli, nyingi zimetoka Tanga, yani Muheza, Korogwe, Lushoto, na chache za Morogoro. Siwezi kujibu zote kwahiyo zile zinazofanana nimeziunganisha. Mifano yangu mingi itakuwa ya Amani, Usambara Mashariki, kwasababu mambo mengi mnayosoma darasani kwenye Baiolojia pale yapo mnaweza kuyaona kwa macho.

Shikamoo kaka. Shuleni kwetu klabu ya mazingira ilipanda mikaratusi na misindano, sasa imekuwa mirefu kweli. Watu wanasema tuna msitu wetu lakini mi nikiingia mle hamna hata ndege. Ule ni msitu au sio msitu? (Kidato cha pili, Korogwe)

Marahaba mdogo wangu. Lile ni shamba la miti, na sisemi hivyo kulidharau, shamba la miti lina kazi yake kubwa tu, kuni za jikoni shuleni zinatoka pale, nguzo, mbao, na kila mzigo wa kuni unaotoka shambani ni mzigo ambao haukwenda kukatwa msitu wa asili. Endeleeni kulitunza.

Ila ulivyouliza kuhusu ndege umegusa penyewe. Msitu wa asili una tabaka. Juu kabisa kuna miti mirefu inayopita mita 30, mingine 40, inachukua jua kali, chini yake kuna miti ya kati inayoridhika na jua la kupenyeza, chini tena vichaka na mimea ya kivuli, na katikati ya hivyo vyote miche ya ile miti mikubwa inasubiri zamu yake, mingine inakaa miaka na miaka ina urefu wa goti tu mpaka mti mkubwa uanguke mwanga uingie ndo inachomoka. Alafu ukifika ardhini kuna majani makavu, na chini ya majani kuna jongoo, mchwa, minyoo na kuvu wanaoyaozesha yarudi kuwa chakula cha mizizi. Kuna kuvu wengine wanaishi kabisa kwenye mizizi ya miti, wanaupa mti maji na madini na mti unawapa sukari. Sasa kila tabaka lina ndege wake na wadudu wake. Mikaratusi yenu ina tabaka moja, imepandwa siku moja ina umri mmoja, majani yake yana mafuta na wadudu wetu wengi hawayawezi, sasa ndege wa kula wadudu aje kufanya nini? 

Kwahiyo ukitaka kujua hali ya msitu usianze kuangalia juu, inama uangalie chini kama kuna miche ya aina mbalimbali. Shikeni hilo maana karibu majibu yangu yote leo yanarudi hapohapo.

Babu yangu alikuwa analima iliki ndani ya msitu upande wa Amani. Hakukata miti, iliki inataka kivuli. Mbona waliondolewa wakaambiwa wanaharibu msitu? Mpaka leo nyumbani wakiongelea hilo wanakasirika. (Kidato cha nne, Muheza)

Nashukuru umeuliza hili na nitalijibu kwa urefu.

Kwanza babu yako anasema kweli, mkulima wa iliki haangushi msitu. Anaacha miti mikubwa kwa ajili ya kivuli, na ukipanda mlima wa jirani ukautazama kwa mbali unaona kijani kimefunga, huwezi kujua kama kuna shamba. Lakini ili iliki ikae lazima afyeke chini, na kila mwaka apalilie. Kwenye kufyeka na kupalilia ile miche ya miti ya msitu inaondoka yote pamoja na magugu, sio kwa ubaya, ndo kilimo kilivyo. Ikipita miaka ishirini, thelathini, miti mikubwa inazeeka na kuanguka mmojammoja na hakuna wa kushika nafasi yake. Iliki nayo ardhi inachoka, mavuno yanapungua, mkulima anahamia kwenye migomba au mihogo au mazao mengine ambayo hayataki kivuli, na hapo ndo miti iliyobaki inaondoka. Kwahiyo msitu ulikuwa umeshaanza kufa zamani sana wakati kwa juu bado unapendeza.

Pili, kuna ukanda wa msitu unaitwa Derema. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa 1997, ilikuwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na kaskazini yake kuna misitu mingine. Kinachoziunganisha ni huo ukanda wa Derema, na ndo humohumo watu walikuwa na iliki zao. Ukikatika pale, msitu mmoja mkubwa unakuwa vipande viwili, na hasara ya vipande nitaieleza kwenye swali la ndege hapa chini.

Sasa kuhusu hasira ya nyumbani. Mazao ya wakulima yalihesabiwa, wakalipwa fidia, ni zaidi ya wakulima elfu moja waliguswa, zoezi likachukua miaka na malalamiko yakawa mengi. Mi nasema wazi, sayansi ya kuulinda ule ukanda naiamini kabisa, lakini mtu aliyekuwa anasomesha watoto kwa iliki ukimwambia atoke lazima umlipe kwa wakati na umwonyeshe pa kulima. Ukitetea miche ya msitu usisahau kumtetea na babu, na ninyi wanafunzi mtakaokuja kuwa mabwana misitu na mabibi misitu kesho nawaomba mlibebe hilo. Mwambie babu yako shikamoo yake nimeituma, na muulize majina ya miti aliyoiacha kwenye shamba lake, ninauhakika anaijua kuliko vitabu vingi, andika kwenye daftari.

Mti ni mti. Kwanini wataalamu wanauchukia mhesi wakati unakua haraka na mbao zake zinauzika? (Darasa la saba, Muheza)

Hakuna anayeuchukia. Mhesi kwao ni upande wa Ziwa Victoria, Bukoba huko, Uganda wanauita musizi, mpaka Afrika Magharibi, na huko una wenzake waliozoeana nao. Usambara haukuwepo. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902 walileta mimea kutoka kila kona ya dunia kuijaribu, na mhesi nao ukaletwa enzi hizo, baadaye ukapandwa kwa wingi sehemu za Kwamkoro, hukohuko Amani, kujaza maeneo yaliyovunwa mbao.

Ulivyosambaa ndo pa kujifunza. Matunda yake hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa, anayapenda sana, anameza anaruka mbali anadondosha mbegu. Lakini mbegu ya mhesi ikidondoka kwenye kivuli kizito haifiki mbali, inataka mwanga. Kwahiyo kule ambako msumeno ulipita na kufungua msitu, mhesi ulikuta nafasi wazi ukakimbia kwenda juu kabla miche ya kienyeji haijajipanga. Yani mlango tuliufungua sisi kwa kuvuna vibaya, mti ukaingia tu. Na majani yake yanaoza haraka mno, kwahiyo ardhi chini yake inakuwa haina lile zulia nene la majani, mvua ikipiga inachukua udongo.

Kwahiyo ukiwa na mhesi shambani kwenu vuna uza mbao hakuna tatizo, ila ndani ya msitu wa asili usiusaidie kuingia.

Hivi ndege si ana mabawa? Kama msitu umekatwa katikati kuna shamba la chai si anaruka tu anaenda upande wa pili? (Kidato cha tatu, Lushoto)

Hili swali nimelipenda kuliko yote! Hondohondo ndio, anaruka bila shida, unamsikia mabawa yanavuma kabla hujamwona. Lakini kuna ndege wadogo wa chini ya msitu ambao maisha yao yote wako kwenye kivuli, wanatafuta wadudu kwenye majani makavu au matunda madogo kwenye vichaka, na hao wakifika ukingoni wakaona uwanja wa jua wanageuka. Mita chache tu za wazi kwao ni ukuta. Hana pa kujificha na mwewe, na macho na mwili wake vimezoea giza la msitu. Mtafiti William Newmark ameanza kuwafuatilia ndege wa namna hii Usambara tangu miaka ya 1980, anawanasa kwa nyavu nyembamba anawavisha pete mguuni anawaachia, na kilichoonekana ni kwamba kipande cha msitu kikiwa kidogo na kikiwa mbali na wenzake, ndege wa chini wanapotea, na hawatoki kwingine kuja kujazia.

Sasa unganisha na miti. Kuna mti mdogo wa huko Usambara wanasayansi wanauita Leptonychia usambarensis, mbegu zake zinabebwa na ndege. Watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha utafiti wao 2003, walilinganisha msitu mkubwa na vipande vidogo, wakakuta kwenye vipande ndege wanaobeba mbegu ni wachache, matunda mengi yanaanguka palepale chini ya mama yake, na miche inayojiotesha mbali ni michache. Mti upo, unazaa, lakini kizazi hakisogei. Ndo maana niliwaambia Derema ni muhimu, ule ukanda ni njia ya kupita ndege na njia ya kupita mbegu.

Ni kweli msitu unaleta mvua? (Wengi sana mmeuliza)

Mvua inaletwa na mambo mengi, upepo wa bahari na milima vikiwemo, Usambara Mashariki inapata mvua nyingi kwasababu upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unagonga milima unapanda unapoa. Kazi ya msitu ambayo haina ubishi ni kuyatunza maji yakishafika. Ukungu unanasa kwenye majani na kwenye mimea inayoota juu ya matawi unadondoka kama mvua, zulia la majani makavu linayapunguza mwendo, yanazama ardhini yanatoka taratibu hata kiangazi. Mto Zigi unaanzia kwenye milima hiyo, unaingia bwawa la Mabayani, na hayo ndo maji ya bomba Tanga mjini. Na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, kwahiyo wale waliouliza kuhusu kupanda mikaratusi kwenye chemchemi jibu ni hapana.

Kwetu tunaokota mbegu za msambu tunauza. Baba anataka kukata misambu miwili ambayo haijawahi kuzaa. Akate? (Darasa la sita, Muheza)

Asikate kwanza! Msambu una dume na jike, mti dume unatoa maua tu hauzai hata siku moja, lakini bila maua yake majike hayapati chavua na mtakosa mbegu za kuuza zile za kukamulia mafuta. Na mkiokota acheni kiasi chini, panya buku wanazibeba wanazifukia, nyingine wanazisahau zinaota. Ni ndugu wa wale panya wanaofundishwa Morogoro pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu.

Sisi klabu yetu haina hela ya kitalu wala viriba. Tunaweza kufanya nini? (Mwalimu mlezi, Morogoro)

Mwalimu heshima yako. Hesabuni miche, haihitaji hela. Mnahitaji kamba, vijiti vinne, daftari na mzee mmoja wa kijiji anayejua majina ya miti kwa lugha yenu. Ombeni ruhusa kwanza ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) au serikali ya kijiji kutegemea msitu ni wa nani. Pimeni mraba wa mita 5 kwa 5 ndani ya msitu, mwingine ukingoni, na mwingine kwenye shamba la miti, kila mraba hesabuni miche iliyo chini ya kiuno na andikeni ni aina ngapi, msing'oe hata mmoja, majina ya kienyeji yanatosha. Shikeni pia majani makavu mpime unene wake kwa rula. Wekeni alama ya jiwe kwenye kona ili mwaka ujao kidato kinachofuata warudi kwenye mraba uleule, na fanyeni kabla ya masika maana mvua ikikolea njia zinateleza na watoto wataumia. Matokeo mkiyapata nitumieni na picha, toleo la mbele nitatenga ukurasa.