Maswali na Majibu: Wadukuzi Wanapoingia Vitani

Ustahimilivu wa miundombinu kama umeme na maji unapimwaje vita vikiendelea? Idadi ya mashambulizi ya mtandaoni yaliyozuiwa inatosha?

Haitoshi, ingawa hupendeza kwenye ripoti. Uliza huduma ilirudi baada ya muda gani, na aliyeirudisha ni nani. Desemba 23, 2015, huko magharibi mwa Ukraine, wafanyakazi wa kampuni ya umeme waliona mshale wa kipanya ukitembea wenyewe kwenye skrini na kuzima swichi za kituo kimoja baada ya kingine. Kampuni 3 zilishambuliwa, wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Wadukuzi walimimina simu za uongo kwenye huduma kwa wateja ili wenye shida wasipokelewe, kisha wakaharibu vifaa vilivyounganisha vituo na chumba cha udhibiti. Hata hivyo umeme ulirudi ndani ya saa chache: mafundi walipanda magari, wakafika kwenye vituo vya kupozea umeme, wakawasha swichi kwa mkono.

Kwangu mimi, ukaguzi unaanzia hapo. Zima kompyuta za udhibiti kwa zoezi, tuone mafundi watafanya nini. Vita vikipamba moto yanaongezeka mengine: barabara ya kituoni inapitika? Fundi anayejua zile swichi yupo, au kaitwa jeshini?

Tuna nakala rudufu za kila kitu. Tulale usingizi?

Ziko wapi? Juni 2017, kirusi cha NotPetya kiliingia Ukraine kupitia masasisho ya programu ya uhasibu, kikavuka mipaka hadi kampuni ya meli ya Maersk. Seva zake zinazotambua watumiaji zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zikafutika pamoja. Ilinusurika moja tu, ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko. (Nani ataandika kukatika kwa umeme kwenye mpango wake wa dharura?) Nakala moja ikae nje ya mtandao, nyingine mbali na makombora. Februari 2022, siku chache kabla ya uvamizi wa Urusi, bunge la Ukraine lilipitisha sheria iliyofungua njia ya data za serikali kuhifadhiwa nje ya nchi.

Nchi isiyopigana ina hofu gani?

Waulize Wajerumani. Februari 24, 2022, modemu za KA-SAT, setilaiti ya intaneti, ziliharibiwa na wadukuzi muda mfupi kabla ya majeshi ya Urusi kuvuka mpaka, na mitambo ya upepo ipatayo 5,800 ya Ujerumani na Ulaya ya kati, iliyowasiliana kupitia setilaiti hiyo, ikakosa usimamizi wa mbali. Iliendelea kuzalisha umeme, ila bila kuonekana.

Sekta ipi ikaguliwe kwanza?

Simu. Shambulio la Desemba 2023 dhidi ya Kyivstar, kampuni ya simu ya Ukraine yenye wateja wapatao milioni 24, liligusa hadi benki na ving'ora vya tahadhari. Na wale mafundi wa umeme mnawaita kwa njia gani, kama si simu? Wapeni redio za upepo (walkie-talkie), na mzijaribu kabla hamjazihitaji.