Jaribu fomu yako kwa "dawa ya ng'ombe"

Nikipewa tovuti iliyoandikwa kwa PHP, lugha ya programu, niikague, sianzi na msimbo. Nafungua kisanduku cha kutafuta, naandika dawa ya ng'ombe, nabonyeza. Ukurasa ukirudi mweupe, au ukitapika hitilafu ya MySQL, programu inayotunza hifadhidata, najua nina kazi ya wiki nzima, na bei naitaja kabla sijafunga kompyuta.

Shida ni ile alama iliyo katikati ya ng'ombe. Aliyeandika msimbo ameyabandika maneno ya mteja ndani ya amri ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) yalivyo, kwa hiyo MySQL ikifika kwenye alama hiyo inadhani neno limeishia hapo. Na kwetu Uganda alama hii si ngeni hata kidogo. Sajili wanafunzi Tororo au Busia uone kama utawakosa akina Ochieng' na Okong'o. Baya zaidi, tundu linalomkwamisha Okong'o ndilo analopitia mdukuzi. Kuna wanaotatua kwa kuifuta alama kwenye jina la mtu. Huko ni kumwonea mwenye jina, na tundu halizibiki. Tumia PDO, njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata: amri iandaliwe kwanza, maneno ya mteja yaje baadaye.

$q = $db->prepare('SELECT * FROM dawa WHERE jina LIKE ?');
$q->execute(['%' . $neno . '%']);

Wakati wa kuonyesha, pitisha kila alichoandika mtu kwenye htmlspecialchars, inayofanya kivinjari kiyaone kama maandishi tu, si msimbo. Seva ikiwa na toleo la PHP lililo chini ya 8.1, ongeza mwenyewe ENT_QUOTES, inayoiambia ishughulikie pia alama kama ile ya ng'ombe, la sivyo alama hiyo inapita bila kuguswa.

Tukija kwenye pesa, mzazi anayelipa ada ataandika 1,500,000, tena kwa koma, kwa sababu ndivyo anavyoiona kwenye risiti ya benki. Ukiigeuza kuwa namba kwa (int), PHP inasoma hadi koma ya kwanza, inaishia hapo, na mzazi anahesabiwa kuwa amelipa shilingi 1. Hakuna onyo lolote. Ondoa koma kwa str_replace, hakikisha zimebaki tarakimu tupu kwa ctype_digit, ndipo uhifadhi. Senti hatuzitumii, kwa hiyo safu ya BIGINT (namba kamili kubwa) inatosha. Kuweka float (namba ya desimali) kwenye pesa ni kujitafutia ugomvi na mhasibu.

Namba ya simu, kwa upande wake, si namba. Niliwahi kufungua hifadhidata ya shule moja nikakuta wazazi wengi wana simu ileile: 2147483647. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha safu ya INT, ya namba kamili. Walioandika kwa kuanza na 256 walizidi kiwango, na MySQL, iliyokuwa imezimiwa ukali wake wa kukataa data isiyofaa, ikawakatia hapo wote. Walioanza na 07 walipoteza sifuri ya mbele. Ujumbe wa kufungua shule ungemfikia nani? Weka VARCHAR (safu ya maandishi), geuza namba zote ziwe za +256 pale zinapoingia, na usimlazimishe mzazi kujua mtindo unaoupenda wewe.

Saa nayo. Seva nyingi tunazokodi ziko Ulaya au Marekani na huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, ilhali sisi tuko saa tatu mbele. Malipo ya saa saba usiku yanaandikwa tarehe ya jana, na ripoti ya siku haiwezi kulingana na taarifa ya mobile money. Andika date_default_timezone_set('Africa/Kampala') mwanzoni mwa programu, na MySQL uiambie SET time_zone = '+03:00' kila unapoungana nayo, kwa sababu hizo saa mbili hazijuani.

Ukiwa unapokea mobile money, tarajia taarifa ya muamala mmoja kuja mara mbili. Seva yako ikichelewa kujibu, upande wa pili unaweza kuituma tena, na mteja akaongezewa salio asilolipia. Kuangalia kwanza kama muamala upo hakutoshi, kwani taarifa mbili zinaweza kuingia kwa pamoja. Namba ya muamala iwekee UNIQUE (isijirudie) kwenye jedwali, uandike muamala na salio ndani ya transaction moja (vyote viandikwe au kisiandikwe chochote), na MySQL ikiikataa ya pili, wewe jibu tu kwamba umepokea.

Matunzo ndiyo wateja wasiyopenda kuyalipia, kwa hiyo yaandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Bado nakutana na mysql_query, njia ya zamani ya kuongea na MySQL, iliyoondolewa tangu PHP 7.0 ya Desemba 2015, na toleo la 7.4 liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. Usingoje kampuni ya seva ikuhamishe kwa nguvu. Nakili tovuti nzima kwenye kompyuta yako, weka toleo jipya, washa error_reporting(E_ALL) ili hitilafu zote zitajwe, upite ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye seva yenyewe display_errors izimwe, log_errors iwashwe, na faili la hitilafu likae nje ya folda inayofikiwa na kivinjari. Bakapu ya mysqldump (programu ya kunakili hifadhidata) iende kila usiku, ihamishwe mbali na seva hiyo, na mara mojamoja uirudishe kwenye kompyuta yako uone kama inafunguka.