Hodi Moja, Karibu Kumi

Barua za mwezi huu zimefika nyingi kuliko kawaida, na takriban zote zinauliza jambo moja: ni nani anayetuchungulia kupitia simu zetu? Nimechagua tano, nikazipunguza urefu bila ya kuyagusa malalamiko yake. Majina nimeyaacha, kama wenyewe walivyoomba.

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Mimi ni muuza duka hapa Chake Chake. Kila baada ya sala ya alasiri hukaa barazani na wenzangu tukanywa kahawa. Wiki iliyopita tulizungumza sana juu ya godoro, kwa sababu mmoja wetu anaozesha binti yake. Mimi sikulitafuta godoro popote, wala sikuandika neno. Usiku nilipofungua Facebook, tangazo la kwanza lilikuwa la magodoro. Wenzangu wamekata shauri kwamba simu zinatusikiliza, na tangu siku hiyo kila anayefika barazani huiweka simu yake ndani ya sufuria yenye mfuniko. Je, tunafanya sawa?

JIBU: Waalaikumu salaam. Sufuria irudisheni jikoni, maana wenye nyumba wana haki nayo zaidi.

Shaka yenu wamekuwa nayo watu wengi, na wapo walioichukulia kwa uzito wa kuichunguza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, kilichoko Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa programu zaidi ya 17,000 za simu za Android, wakitafuta iliyofungua maikrofoni kwa siri na kupeleka mazungumzo ya watu nje. Hawakuiona hata moja. Walichokiona, ambacho hawakukitarajia, ni kwamba zimo programu zilizokuwa zikichukua picha na video za kioo cha simu wakati mtu anaitumia, kisha zikawapelekea watu wengine. Yaani walinzi waliwekwa mlango wa mbele kumsubiri mwizi wa sauti, kumbe mwizi wa picha alikuwa anapita dirishani.

Basi godoro limefikaje kwako? Ningekuwa mimi, ningemuuliza kwanza baba wa bibi harusi. Mtu anayeozesha binti hawezi kumaliza wiki bila ya kutafuta bei za magodoro, na simu yake hukaa hatua moja kutoka kwenye simu yako kila siku, saa ile ile, mahali pale pale. Nyinyi ni marafiki Facebook, na pengine mnatumia intaneti ya duka moja. Muuza magodoro, kwa upande wake, anaweza kuipa Facebook orodha ya namba za wateja wake na kuomba tangazo lipelekwe kwa watu wanaofanana nao kwa umri, kwa makaazi na kwa mambo wanayoyapenda. Kwa mpango huo hakuna haja ya sikio. Mtu anayejua unakaa na nani, wapi na lini, keshajua nusu ya mazungumzo yenu kabla kahawa haijamiminwa.

Tena, kuwa mkweli na nafsi yako: wiki hiyo hiyo uliona matangazo mangapi ya dawa za kuotesha nywele, viwanja na mashine za kukatia majani? Hayo yamepita bila ya kushitakiwa kwa sababu hakuna aliyeyazungumzia barazani.

Sisemi kwamba maikrofoni ni malaika. Mwaka 2019 gazeti la The Guardian la Uingereza lilifichua kwamba vibarua waliokodiwa kwa kazi ya Apple walikuwa wakisikiliza vipande vya sauti za watu vilivyorekodiwa na Siri, yule msaidizi wa sauti wa simu za Apple, vikiwemo vile ambavyo Siri ilijiwasha kwa makosa ikidhani imeitwa. Kampuni iliomba radhi, na mwezi wa Januari 2025 ilikubali kulipa dola milioni 95 ili kesi iliyofunguliwa juu ya jambo hilo imalizike, bila ya kukiri kosa. Kwa hivyo, kama humtumii msaidizi wa sauti, mzime. Na ukiingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, utaiona orodha ya programu zote zilizoruhusiwa maikrofoni. Ukikuta mchezo wa karata umo, uondoe. Karata hazina haja ya kukusikia unavyomlaumu mwenzako kwa kutupa turufu.

Lakini nina dhana moja juu ya hadithi hii ya simu inayosikiliza, na kwa nini tunaipenda namna hii. Inatuosha. Aliyeibiwa hana kosa, ilhali aliyefungua mlango mwenyewe huulizwa. Watoto wetu tunawafundisha kupiga hodi mara tatu, na wasipojibiwa warudi. Programu hupiga hodi mara moja tu, mara nyingi kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta, na sisi tunaitikia “karibu” mara kumi kabla haijamaliza kujieleza.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, Mwanakwerekwe. Nimeletewa ujumbe kwamba kuanzia kesho simu zote zitarekodiwa, na kwamba kwenye WhatsApp ukiona tiki mbili za bluu na moja nyekundu ujue ujumbe wako umeshasomwa na serikali na unafuatwa. Nimeutuma kwa familia nzima. Nimefanya vyema?

JIBU: Umefanya haraka, mama. Ujumbe huo umeshazunguka nchi nyingi, kila ukifika pahala hubadilishwa jina la serikali, na “kesho” yake haijawahi kufika. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka, mbili maana yake umefika, na za bluu maana yake umesomwa na yule uliyempelekea. Ya tatu haipo. Na chini ya ujumbe wa aina hii karibu kila mara huandikwa “kama ulivyopokelewa”, maneno ambayo mtumaji huyatumia kukwambia kwamba yeye hamo.

Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Lakini kampuni inajua unamwandikia nani, lini na mara ngapi. Vilevile nakala za mazungumzo zinazohifadhiwa kwenye akaunti yako ya Google hazikuwa chini ya kufuli hiyo. Mwaka 2021 ndipo ulipoongezwa uwezo wa kuzifunga, na hadi mwenyewe uende kwenye mipangilio ukauwashe. Na hata hivyo kufuli hulinda njia, haimlindi mtu na shemeji yake anayewaonesha wenziwe simu jikoni.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli, Wete. Nimepokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua, umeandikwa kwa maneno ya kunidhalilisha, ukidai kwamba mtoto wa ami yangu amekopa pesa mtandaoni na mimi ndiye mdhamini wake. Sikumdhamini mtu. Siku ya pili mwalimu mkuu wangu naye akapokea ujumbe kama huo, unaonitaja mimi! Wamezipata wapi namba zetu, na je, nilipe?

JIBU: Usilipe, mwalimu. Udhamini ni mkataba, na hakuna mkataba unaomfunga mtu ambaye hakuulizwa. Pole sana kwa fedheha uliyoipata, hasa mbele ya mkuu wako.

Namba zenu amezitoa mtoto wa ami yako, na nadhani hajui kwamba amezitoa. Programu nyingi za mikopo ya haraka, hii mikopo ambayo watu wameibatiza kausha damu, humtaka mkopaji kabla ya kupewa hata shilingi aruhusu isomwe orodha yote ya majina yaliyomo kwenye simu yake, na pengine ujumbe na picha pia. Mtu mwenye mgonjwa hospitali na mfuko mtupu hasomi masharti, anabonyeza. Orodha ikishanakiliwa, haina haja tena ya simu. Siku akichelewa kulipa, wenye programu hawaendi mahakamani, kwani hilo ni ghali na wao wenyewe huenda hawana leseni ya kuonesha huko. Wanachofanya ni kumtangaza: kwa shangazi, kwa imamu, kwa fundi wa baiskeli, kwa kila aliyemo. Rehani ya mkopo ule si mali yake. Rehani ni haya yake, na nyinyi jamaa zake ndio sanduku ilimowekwa.

Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kidijitali bila ya leseni. Mambo ya benki ni ya Muungano, na Benki Kuu ina tawi Unguja, kwa hivyo asikwambie mtu kwamba jambo hilo ni la Bara peke yake. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo iliunda Tume ya kupokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimechukuliwa au kutumiwa kinyume cha sheria. Usiufute ujumbe uliotumiwa. Upige picha pamoja na namba yake na tarehe. Namba ya mtumaji ipeleke kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, mahali panaporipotiwa matapeli wa simu. Na kwa kuwa matapeli hupenda pia kutumia vitambulisho vya watu, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta laini usiyoijua, nenda kwa mtandao wenyewe ikafungwe.

Barua yako nimeirudia mara mbili, kwa sababu ndiyo inayomjibu muuza duka wa Chake Chake vizuri kuliko nilivyomjibu mimi. Faragha tunaizungumza kama kwamba ni ufunguo ambao kila mtu ana wake mfukoni. Namba yako, mwalimu, imo kwenye simu mia mbili au mia tatu za watu wengine, na inatosha mmoja wao aseme “karibu” kwa niaba yako. Mwaka 2018 dunia ilishituka na habari za Cambridge Analytica, kampuni iliyotumia taarifa za watu wa Facebook katika siasa. Waliopakua ile programu ya maswali iliyokusanya taarifa hizo, kwa maelezo ya Facebook wenyewe, walikuwa takriban watu 270,000. Waliochukuliwa taarifa waliweza kufika milioni 87. Gawa, utaona kwamba kila aliyejibu maswali aliwatoa zaidi ya wenzake 300 ambao hawakuulizwa kitu. Mwaka uliofuata Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5, na sina habari ya hata mmoja katika hao 270,000 aliyewaomba radhi marafiki zake.

Mtoto wa ami yako usimgombe mbele za watu. Ameshadhalilishwa ya kutosha na wanaoijua kazi hiyo. Ila mwambie kwamba kuifuta programu hakuirudishi orodha iliyokwishachukuliwa.

SWALI: Kijana, Mkoani. Mimi hutumia hali fiche ya kivinjari, ile inayoitwa “incognito”, ninapoingia mtandaoni. Bila ya shaka hakuna anayeniona?

JIBU: Asiyekuona ni kaka yako anayeazima simu yako, kwa sababu kivinjari hakiweki kumbukumbu ya ulikopita. Kampuni ya simu inayokuuzia bando inaona unakwenda wapi, na tovuti unazoingia zinajua kwamba kuna mgeni na ametokea upande gani. Mwaka 2020 Google ilishitakiwa Marekani kwa kuendelea kukusanya habari za watu waliodhani wamejificha ndani ya hali hiyo, na mwaka 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu ili kesi ile imalizike. Umefagia nyayo chumbani, mwanangu, lakini za njiani ziko pale pale. Sikuulizi ulikuwa unakwenda wapi.

SWALI: Mama mwenye nyumba, Mji Mkongwe. Mwanangu aliyeko Dubai anataka kuniletea mashine ya kufagia inayotembea peke yake. Jirani yangu anasema mashine hizo zinapiga picha. Ni kweli, au ni husuda?

JIBU: Husuda sikatai kwamba inaweza kuwemo, lakini safari hii jirani amesema kweli. Zipo za aina hiyo zenye kamera, ili zisigonge meza. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review liliandika habari za picha zilizopigwa mwaka 2020 na mashine za majaribio za Roomba, mafagio ya kampuni ya iRobot, ndani ya nyumba za watu, mojawapo ikimwonesha mwanamke aliyekaa chooni. Picha hizo zilipelekwa kwa vibarua wa nchi nyingine wazipange na kuziandikia ni kitu gani kinaonekana, ili mashine ijifunze, na baadhi yake zikaishia mitandaoni. Kampuni ilieleza kwamba mashine zile hazikuwa za kuuzwa madukani, na kwamba waliopewa walikubali kwa maandishi kurekodiwa. Hilo la maandishi, wasomaji wa juu huko wameshalizoea.

Nadhani hata hivyo kinga yako unayo tayari. Nyumba za Mji Mkongwe nimezaliwa ndani yake: vizingiti vinafika nusu ya muundi, ngazi zimesimama kama minazi, na ukumbi una majamvi ambayo nyuzi zake zingeiziba mashine ile magurudumu kabla ya adhuhuri. Ingepiga picha za mguu wa kitanda kimoja tu maisha yake yote. Mwambie mwanao akuletee tende.